Kuingiza, Kujumuisha, Kushirikisha: Istilahi za Uanuwai katika Shule Kuu za Biashara

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mfasiri wa Kiswahili siku hizi yamo yale yanayotoka katika shule kuu za biashara: matangazo ya nafasi za masomo ya uzamili, fomu za maombi, kanuni za mitihani, na tamko ambalo shule hutoa kuhusu namna inavyowapokea watu wa asili, jinsia na hali mbalimbali. Matatu ya mwanzo hayana taabu kubwa. Hili la nne ndilo linalomfanya mfasiri aweke kalamu chini. Tamko hilo husimama juu ya maneno mawili ambayo kwa Kiingereza hutajwa pamoja kama chanda na pete: moja la kueleza kwamba watu ni wa namna nyingi, na la pili la kueleza kwamba wote wamo. Katika Kiswahili jozi hiyo hufasiriwa leo hivi na kesho vile. Mara "utofauti na ujumuishi", mara "mchanganyiko na ushirikishwaji", mara "wingi na umoja", kana kwamba tunazungumzia ngeli za nomino.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shida hiyo haitokani na umaskini wa lugha yetu. Kwa neno la kwanza tunalo neno lililokwisha kukubalika katika taaluma nyingine. Kwa neno la pili tunavyo vitenzi vitatu, kuingiza, kujumuisha na kushirikisha, ambavyo vinatenganisha mambo yaliyochanganywa na neno moja la Kiingereza. Ili hoja isielee hewani, tutaifuata historia ya shule moja, nayo ni Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1908 nchini Marekani na iliyokuwa ya kwanza kutoa shahada ya uzamili katika uongozi wa biashara. Tumeichagua kwa sababu mambo yake yameandikwa kwa mapana, na kwa sababu shule nyingi za namna hiyo, zikiwamo za Afrika ya Mashariki, zimeiga mtindo wake wa kufundisha.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna hasara gani maneno yakitofautiana, mradi maana inafahamika? Hasara ipo. Tamko la namna hii ni ahadi. Mwombaji hulisoma ili ajue kama yeye ni miongoni mwa wanaokusudiwa, naye mtumishi wa serikali anayegawa nafasi za ufadhili hulisoma ili ajue shule inabanwa na nini. Ahadi ya kumwingiza mtu si sawa na ahadi ya kumshirikisha. Mfasiri akiandika moja mahali pa nyingine amebadili mkataba, ingawa hakukusudia.

Tuanze na neno la kwanza, maana hilo halina haja ya kutuchelewesha. "Tofauti" ni neno jema, lakini katika mazungumzo limebeba kivuli cha ugomvi. Tukisema kwamba walimu wa shule fulani wana tofauti zao, hakuna atakayedhani tunawasifu. "Mchanganyiko" nalo limekwisha kuchukuliwa: shule ya mchanganyiko kwetu ni ile inayosomesha wavulana na wasichana pamoja, na halisemi lolote kuhusu asili, dini, umri wala ulemavu. Isitoshe, jamaa yake wa karibu ni kuchanganyikiwa. "Anuwai" ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lenye maana ya aina. Wataalamu wa mazingira walikwisha kulitumia kuunda "bayoanuwai" kwa ajili ya wingi wa aina za viumbe, na neno hilo limeingia katika sheria, vitabu vya shule na magazeti. Hapana sababu ya wanabiashara kutafuta jingine. Tuseme "uanuwai wa wanafunzi", "uanuwai wa walimu". Wako wanaolalamika kwamba neno hilo ni gumu midomoni mwa wananchi. Walilalamika hivyo hivyo kuhusu "istilahi".

Neno la pili ndilo lenye kazi. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, includere, ambacho maana yake ni kufungia ndani: kutia kitu mahali kisha kufunga mlango. Waingereza wenyewe wameisahau maana hiyo, lakini alama yake haijafutika, kwani neno lao linaangalia zaidi nani yuko ndani na nani yuko nje. Linamwangalia mtu mlangoni. Halielezi anafanya nini akishaketi.

Harvard walichukua miaka mingi kuufungua mlango wenyewe. Kwa wanawake, hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 1937, pale Chuo cha Radcliffe, kilichokuwa chuo cha wanawake jirani na Harvard, kilipoanzisha mafunzo ya mwaka mmoja ya uongozi wa wafanyakazi. Wanawake hao walifundishwa na walimu wa Shule ya Biashara, lakini kando, nao hawakuhesabiwa kuwa wanafunzi wa shule hiyo. Baadaye waliomaliza mafunzo hayo waliruhusiwa kuomba kuingia mwaka wa pili wa shahada. Hatimaye mwaka 1963 wanawake wanane walianza mwaka wa kwanza pamoja na wanaume. Kitenzi kinachofaa hapa ni kimoja tu: wanawake waliingizwa. Jambo kubwa lilitendeka, wala hatulidharau, lakini halikuzidi hapo. Anayefasiri habari za mwaka 1963 kwa kuandika kwamba shule "ilianza kuwashirikisha wanawake" ameitangulia historia kwa miongo kadhaa.

Habari za Wamarekani weusi zinafuata njia nyingine kidogo. Mlango haukuwa umefungwa kwa kanuni. H. Naylor Fitzhugh alipata shahada yake hapo mwaka 1933, naye alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kuipata. Lakini mlango usiofungwa si mlango unaopitwa. Fitzhugh hakuajiriwa na makampuni makubwa kama wenzake waliohitimu pamoja naye. Alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, na huko, miaka thelathini baadaye, akamhimiza mwanafunzi wake mmoja, Bibi Lillian Lincoln, aombe nafasi Harvard. Bibi Lincoln alihitimu mwaka 1969, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo ya Harvard. Mwaka mmoja kabla ya kuhitimu, yeye na wenzake wanne walikuwa wameanzisha umoja wa wanafunzi weusi, wakamwendea mkuu wa shule na kudai kwamba idadi yao iongezwe, tena wakajitolea wenyewe kwenda kuwatafuta waombaji. Idadi ikaongezeka.

Wakati huo huo juhudi nyingine ilikuwa imeanza katikati ya nchi. Mwaka 1966 profesa Sterling Schoen wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis aliviunganisha vyuo vikuu vitatu, cha kwake, cha Indiana na cha Wisconsin, ili kutoa ufadhili kwa vijana weusi wasome uongozi wa biashara. Kundi la kwanza lilianza masomo mwaka 1967. Hapo mwanzo ufadhili ule ulikuwa wa wanaume peke yao. Kwa hiyo hata chombo kilichoundwa kuondoa ubaguzi wa aina moja kilianza kwa kuuacha wa aina nyingine mahali pake. Hilo ndilo linalofanya neno uanuwai lihitajike: linamlazimu msemaji ahesabu zaidi ya aina moja.

Sasa tuone "kujumuisha". Shina lake linatokana na mzizi wa Kiarabu ule ule uliotupa jamii, jamaa na jumuiya. Kujumuisha ni kuwaweka watu katika hesabu moja, wawe sehemu ya kundi lile lile. (Wafasiri wengine hulichanganya na "kujumlisha", ambalo ni la hesabu za darasani na lina mzizi mwingine. Watu hujumuishwa, namba hujumlishwa.) Wizara zetu za elimu zimekwisha kuzoea "elimu jumuishi", yaani ile inayomsomesha mtoto mwenye ulemavu darasa moja na wenzake. Hapo neno limekaa barabara: mtoto hakuletwa tu shuleni, bali shule ilipangwa upya, njia, madawati, vitabu, ili yeye awe mmoja wa wale ambao shule ilijengwa kwa ajili yao. Kuingiza humbadilishia mtu mahali. Kujumuisha hubadili mahali penyewe.

Lakini katika shule ya biashara kujumuisha hakutoshi, na sababu yake iko katika mtindo wa kufundisha. Harvard hawafundishi sana kwa mhadhara. Wanafunzi wapatao tisini wa mkondo mmoja husoma kisa cha kampuni fulani usiku, na asubuhi mwalimu huwauliza: wewe ungekuwa meneja, ungefanya nini? Mwanafunzi hunyoosha mkono, husema, hupingwa, hujitetea. Katika masomo mengi alama za kusema darasani hufikia nusu ya alama zote. Basi mtu anaweza kuwa ameingizwa kwa barua halali, akajumuishwa katika mkondo, jina lake likaandikwa kwenye kibao mbele ya kiti chake, na bado akafeli kwa sababu mkono wake hauonwi, au hoja yake haikumbukwi mpaka irudiwe na mwingine.

Ndivyo ilivyogundulika. Wanawake walikuwa wakiingia shuleni wakiwa na sifa sawa na wanaume, halafu alama zao zikibaki nyuma, hasa zile za kusema. Baada ya Nitin Nohria kushika uongozi wa shule mwaka 2010, palifanywa mabadiliko kadhaa. Waandishi wa hati mkato waliwekwa madarasani ili mwalimu asitegemee kumbukumbu yake peke yake katika kugawa alama. Wanafunzi walifundishwa namna ya kunyoosha mkono kwa uthabiti. Walimu wanawake ambao hawakuwa bado na ajira ya kudumu walipewa washauri wa kuwasaidia kulimudu darasa. Ilipofika mwaka 2013 pengo la alama lilionekana kutoweka. Wapo waliolalamika kwamba shule imevuka mipaka, na kwamba wanafunzi wameanza kuchoka kuhubiriwa. Hata hivyo Januari 2014 Nohria aliwaomba radhi hadharani wanawake wahitimu wa shule hiyo kwa namna walivyotendewa.

Tendo hili la kumpa mtu nafasi ya kusema na kuhakikisha kwamba usemi wake unahesabiwa, kwa Kiswahili ni kushirikisha. Shina lake ndilo la shirika, ushirika na mshirika. Mshirika ni mwenye fungu: akikosa fungu si mshirika, hata akiwa ndani ya nyumba. Kwa maoni yetu hiki ndicho kitenzi chenye nguvu kuliko vyote vitatu, na ndiyo maana kisitumiwe ovyo. Shule inayoahidi kupokea maombi ya watu wote bila ubaguzi imeahidi kuingiza. Ile inayoahidi kuweka ngazi za mteremko, maandishi ya nukta nundu na chumba cha mama anayenyonyesha imeahidi kujumuisha. Ile inayoahidi kwamba watu hao watasema, watapima na watachagua imeahidi kushirikisha. Mfasiri asome aya nzima kabla ya kuteua.

Kuna jambo dogo la sarufi linalofaa kuangaliwa hapa. Ofisi zetu zimependa mno umbo la "ushirikishwaji". Kiambishi -w- katika neno hilo ni cha kutendwa: kinamtaja anayeshirikishwa na kumficha anayeshirikisha. Katika taarifa ya utafiti umbo hilo halina ubaya. Katika tamko la ahadi linamwondolea mtoa ahadi mzigo, kwa kuwa ushirikishwaji "utazingatiwa", na hakuna ajuaye nani atauzingatia. Ni bora kurudi kwenye kitenzi na kukipa mtendaji: shule itawashirikisha wanafunzi katika jambo hili na lile. Kwa jina la jumla la dhana tutumie "ushirikishaji" au "ujumuishaji", kufuatana na maana iliyokusudiwa.

Istilahi ya tatu inayoleta mabishano ni ile ya hatua zinazochukuliwa makusudi ili kurekebisha hali iliyopindishwa na ubaguzi. Nchini Marekani msemo wake ulipata nguvu ya serikali kwa amri ya Rais Kennedy ya mwaka 1961 kuhusu makandarasi wa serikali. Katika Kiswahili aghalabu hufasiriwa "upendeleo", pengine "upendeleo maalumu". Tunaona kwamba tafsiri hiyo inahukumu kesi kabla ya kusikilizwa. Upendeleo kwetu ni dosari: mwalimu anayependelea, mzazi anayependelea, bosi anayempendelea ndugu yake. Mwombaji akisoma kwamba nafasi yake imetolewa kwa upendeleo, ataingia darasani ameinamisha kichwa, na jirani yake atamtazama kwa jicho hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unazitaja hatua hizo katika ibara ya 4 kuwa ni maalumu na za muda, tena unasema wazi kwamba zisihesabiwe kuwa ubaguzi. Neno "maalumu" tayari tunalo katika siasa: Katiba ya Tanzania ina viti maalumu vya wabunge wanawake, na hata asiyevipenda anajua ni kitu gani. Basi tuseme "hatua maalumu", na panapohitajika ufafanuzi, "hatua maalumu za kusawazisha".

Pamoja na hayo, mfasiri asiuchanganye uanuwai na hatua maalumu, kwa sababu mahakama za Marekani zimevitenganisha, na nyaraka za shule za huko zimeandikwa chini ya macho ya mahakama. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa utaratibu wa shule moja ya udaktari huko California wa kutenga nafasi 16 kati ya 100. Lakini Jaji Powell alieleza kwamba chuo kinaweza kuiangalia asili ya mwombaji kama jambo moja kati ya mengi, kwa kuwa darasa lenye watu wa namna nyingi huwafundisha wote vizuri zaidi. Kuanzia hapo sababu iliyokubalika kisheria haikuwa kufidia dhuluma ya jamii iliyopita, bali manufaa ya elimu kwa kila aliyemo darasani. Ndiyo maana nyaraka za vyuo zilijaa neno hilo la uanuwai. Mwaka 2003 mahakama iliithibitisha hoja hiyo katika kesi ya shule ya sheria ya Michigan, na makampuni makubwa yalijitokeza kuiunga mkono, yakisema kwamba yanahitaji mameneja waliosoma na watu wa kila namna. Tarehe 29 Juni 2023 mahakama hiyo hiyo iligeuka, ikaamua dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina kwamba asili ya mwombaji isitumiwe katika kuchagua wanafunzi, ingawa mwombaji mwenyewe anaweza kueleza jinsi asili yake ilivyoathiri maisha yake. Kwa hiyo anayefasiri "uanuwai" kwa "fidia" au "haki za waliodhulumiwa" anaifanya shule iseme jambo ambalo wanasheria wake walijitahidi lisiseme.

Baada ya hukumu hiyo, na zaidi tangu serikali mpya ya Marekani ilipoanza mwaka 2025 kuvibana vyuo, majina yenyewe yameanza kubadilishwa. Mwezi Aprili 2025 Chuo Kikuu cha Harvard kiliipa ofisi yake ya usawa, uanuwai na ujumuishaji jina jipya lisilo na hata neno moja kati ya hayo, lenye maana ya jamii na maisha ya chuoni. Mfasiri atakutana na nyaraka za kabla na za baada ya badiliko. Asizisawazishe. Waraka wa mwaka 2019 ubaki na uanuwai wake, na wa leo ubaki na jamii yake, hata kama anaamini kwamba kazi ya ofisi ni ile ile. Kuondolewa kwa neno nako ni habari, na msomaji ana haki ya kuipata.

Limebaki jambo moja linalohusu walimu zaidi, yaani visa vyenyewe vya kufundishia. Mwaka 2014 mkuu wa shule aliahidi kwamba katika miaka mitano visa ambavyo mhusika wake mkuu ni mwanamke vingeongezwa, kutoka asilimia 9 hivi hadi asilimia 20 ya visa vinavyotumika. Hoja ilikuwa kwamba mwanafunzi anayesoma mamia ya visa vya mameneja wanaume hujifunza, bila kuambiwa, kwamba meneja ni mwanamume. Kwa Kiingereza jinsia ya mhusika huonekana katika kila sentensi kwa sababu ya viwakilishi. Kiswahili hakina viwakilishi vya namna hiyo: "alifunga kiwanda, akawaita wafanyakazi, akawaeleza hasara" inaweza kuwa ya Bwana au ya Bibi. Wengi wetu hujivunia jambo hilo na kusema lugha yetu haibagui. Ni kweli, lakini kwa mfasiri wa visa lina matokeo ya kinyume. Kisa kilichoandikwa makusudi ili mwanamke aonekane, kikifasiriwa hivi hivi, mwanamke wake hupotea baada ya aya ya kwanza, na msomaji huijaza nafasi hiyo kwa picha aliyoizoea. Na picha aliyoizoea tunaijua.

Ushauri wetu ni kwamba katika visa vya namna hii mfasiri alirudie jina la mhusika pamoja na "Bibi" mara nyingi kuliko inavyozoeleka katika insha nzuri ya Kiswahili, hasa mwanzoni mwa kila sehemu na mahali ambapo uamuzi mkubwa unafanywa. Mtindo utalemewa kidogo. Pale ambapo mwandishi wa asili ameficha jinsia kwa makusudi, na wako wanaofanya hivyo, mfasiri atumie cheo peke yake, "meneja", "mhasibu mkuu", na aache nafsi ya tatu yetu ifanye kazi iliyozaliwa nayo.